Nyumba za Mji Mkongwe zinakufa kwa maji jamani

Kila likianguka jengo Mji Mkongwe wa Zanzibar watu mitandaoni wanaandika "serikali itangaze majengo yote haya yalindwe". Ndugu zangu, yashatangazwa zamani! Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, sheria ya hifadhi ikaja 1994, UNESCO wakatutia kwenye urithi wa dunia 2000. Karatasi tunazo. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, lilikuwa na ulinzi wote huo, tena lilikuwa kwenye matengenezo kwa pesa za Oman, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki.

Mi naona tatizo ni maji. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu zimeshikwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba ni virefu halafu vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti. Sasa bati likitoboka au mfereji wa dari ukiziba, maji yanaingia ukutani taratibu mpaka ncha za boriti zinaoza humohumo ndani na wewe ukikaa chini hujui kitu, siku sakafu ikibonyea ndo unashtuka. Halafu anakuja fundi anapiga plasta ya saruji nje, nyumba inang'aa, kumbe ndo kaimaliza maana chokaa inapumua lakini saruji inaufungia unyevu ndani ya ukuta, baada ya misimu kadhaa plasta inabanduka na mawe yake.

Na usimlaumu fundi peke yake. Nyumba nyingi baada ya Mapinduzi zilichukuliwa na serikali, nyingine ni wakfu, ndani wamepanga familia tatu nne na kodi ni ndogo, sasa nani apande juu azibe bati? Mpangaji anasema nyumba si yangu, mwenye nyumba anasema hela yenyewe ya kodi hainunui hata mbao. Anayepata nguvu ya kutengeneza ni mwenye hoteli, na huyo anataka aongeze ghorofa juu.

Kwa hiyo kuliko kuongeza vibao vya "jengo la kihistoria", mi ningetaka mfuko mdogo tu wa paa na mifereji, familia inaomba bati na chokaa kabla ya masika, basi. Isiwe mradi wa mabilioni wa jumba moja huku vichochoroni nyumba za watu wa kawaida zimeegemezwa magogo mpaka watoto wanayatumia kama goli la mpira.

Halafu kuna hili la mafundi: wanaojua kuchoma chokaa na kuilaza kwenye maji vizuri wengi ni wazee. Kama mtaani kwenu yupo na anafundisha vijana, semeni kwenye komenti, kuna nyumba ya shangazi yangu mtaa wa Malindi, humuhumu Mji Mkongwe, inamsubiri.