Jinsi nilivyopima unene wa sufu ya kondoo wangu

Skafu zangu zilikuwa zinarudishwa. Si rangi, si bei: wateja walisema zinawasha shingo. Nafuga kondoo kumi na wawili wa aina ya Corriedale huku Kinangop, sufu nasokota mwenyewe, na niliapa ni laini. Kinachowasha ni nyuzi nene, zile zinazozidi maikroni 30 hivi, yaani milimita 0.03. Zikigusa ngozi hazipindi, zinachoma. Ikabidi nipime.

Nilianza na hadubini niliyoazima kwa mwalimu jirani. Ndani ya lenzi ya jicho kuna mistari, na kwa ukuzaji wa mara 400 nafasi moja ilikuwa maikroni 2.5. Hilo nililijua baada ya kuilinganisha na kioo chenye milimita moja iliyogawanywa mara 100. Bila kioo hicho ni kubahatisha tu. Nikakata nyuzi vipande vifupi, nikavitia kwenye tone la maji. Wastani ukatoka 31! Mtoto wa kaka yangu, anayesoma fizikia, akacheka. "Shangazi, maji yamekudanganya. Sufu ikinywa maji huvimba." Nikarudia kwa mafuta ya kupikia, ukashuka hadi 28.

Kijana naye akaja na leza yake nyekundu ya nanomita 650. Tulibandika unyuzi mmoja juu ya tundu la kadibodi, tukaumulika usiku, na ukutani, mita 2 mbele, ukatokea mstari wa mwanga wenye mapengo meusi. Kutoka pengo hadi pengo milimita 46. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawanya kwa nafasi hiyo: maikroni 28. Ajabu yake, unyuzi ukiwa mwembamba mapengo ndiyo yanapanuka. Nilifurahi kama mtoto, lakini kubandika unyuzi mmoja mmoja kunachosha. Baada ya kumi na tano niliacha.

Maabara zina njia ya kupitisha hewa kwenye sufu iliyoshindiliwa, gramu 2.5 kwa mara moja. Ni ya haraka, ila inakupa wastani peke yake. Mimi wastani haukuwa shida yangu. Nilitaka kujua ni ngapi zinazidi 30, na hapo hadubini, pamoja na uchovu wake wote, haina mpinzani nyumbani kwangu. Nilihesabu nyuzi 200 za begani: moja kati ya tano ilikuwa nene. Za mapajani, zaidi ya nusu! Na nilikuwa nikizichanganya zote gunia moja.

Sasa ya mapajani inakwenda kwenye mazulia.

Nilimpelekea jirani yangu mzee, msokotaji wa miaka mingi, vifungu vitano bila alama. Alivisugua shingoni kimoja kimoja, akavipanga kwa ulaini. Alikosea kimoja tu, akaniomba nikipime upya.