Nilivyopata bawaba za milango ya kabati inayokaa ndani ya fremu na ikafunguka yote

Kabati la jikoni nimelitengeneza mwenyewe hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, mbao ya mninga, na milango nilitaka ikae ndani ya fremu, yaani ukifunga uso wa mlango na uso wa fremu vinakuwa sawasawa, sio ile inayolalia juu. Ndani nikaweka droo za kuvuta za sufuria na unga. Wife akaniambia mapema tu, baba, mlango usipofunguka wote hizo droo nitazivutaje?

Nikaenda mjini nikanunua zile bawaba za kisasa zenye kikombe cha milimita 35 unachokitobolea nyuma ya mlango. Kufunga, mlango unagoma kabisa kuingia ndani. Kumbe mkono wa zile bawaba una maumbo matatu, ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubao wote wa pembeni, uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao mmoja, na uliopinda sana ndo wa mlango wa kuingia ndani kama wangu. Nikabadilisha nikachukua uliopinda sana, mlango ukakaa vizuri mno, ila ukiufungua unaishia nyuzi 100 na kitu hivi na unene wake unabaki umeziba kidogo pale pembeni, droo ikija inaugonga. Nikaulizia za nyuzi 165, muuzaji akanipa, kufika home mkono umenyooka, yaani ni za mlango wa kulalia juu. Hapo nilikata tamaa kweli.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye karakana kule Majengo. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, nikamweleza, akatoa bawaba za shaba za kawaida kabisa, zile za mabati mawili na pini katikati. Akasema siri ni pini ikae nje ya uso wa mlango, ule mviringo unaoshika pini uonekane wote, ukiizamisha ndani mlango hautalala. Nikajaribu kwanza na vipande vya boksi la katoni na ni kweli, mlango ukifika nyuzi 90 bado unene wake umeziba mdomo wa kabati, lakini ukiendelea mpaka 180 unalala juu ya fremu ya pembeni na mdomo unabaki wazi wote. Kwa hiyo sikutaka tena mlango wa kuishia nyuzi 100 na kitu, nilitaka 180.

Kazi yenyewe inataka utulivu maana hizi hazina skrubu za kurekebisha kama za kikombe, ukikosea umekosea. Nilichora kwa kisu, nikachimba kwa patasi kina sawa na unene wa bati, nikatoboa kwanza kwa drili kwa sababu mninga ni mgumu na skrubu ya shaba inakatika kichwa, alafu nikaingiza skrubu ya chuma ya saizi ileile ifungue njia ndo nikaweka ya shaba. Mlango mrefu niliupa bawaba tatu. Nafasi kuzunguka mlango niliacha milimita 3, nilifunga Septemba kukiwa kukavu kweli na hapa Dodoma mbao inasinyaa sana kiangazi, mvua zikianza Desemba inavimba, ukibana sana utakuja kuutoa na kuuranda tena. Na kwa kuwa bawaba hizi hazina springi, nikaweka sumaku ndogo ya kuushika mlango usijifungue wenyewe.

Angalia pia mlango ukilala unalalia nini. Bawaba nimeziweka pande za nje ili kila milango miwili ikutane katikati, ningeweka za milango miwili kwenye nguzo moja ya fremu, ukifungua mmoja unafunika mwenzake.

Ule ulio kwenye kona ukutani hauwezi kufika 180 hata ufanyeje, unaishia 90. Huo nilihangaika nao siku mbili. Mwisho nikagongelea ubao wa milimita 30 ndani ya kabati upande wa bawaba, nikafunga reli ya droo kwenye huo ubao, droo ikapungua upana ila inapita bila kugusa mlango. Ndo droo ya unga hiyo, na wife anaivuta kwa mkono mmoja.