Chupa sita za syrah chini ya kabati

Mwaka 2018 nilinunua chupa sita za mvinyo uleule, Crozes-Hermitage wa mavuno ya 2016. Hermitage yenyewe, mvinyo wa kilima cha jirani, ilinishinda bei. Ila zabibu ni ileile ya syrah, na bonde ni lilelile la Rhône kaskazini, huko Ufaransa. Nilitaka kujua kama syrah ya bei nafuu inafaa kuwekwa miaka kadhaa ikomae.

Ya kwanza niliifungua papo hapo. Ilinukia pilipili manga waziwazi, lakini ukakasi ulishika ufizi. (Harufu hiyo haitiwi na mtu: inatokana na rotundoni, kemikali iliyomo pia ndani ya pilipili manga, ambayo watafiti wa Australia waliitambua katika zabibu hizi mwaka 2008.) Nilikunywa nusu, nikarudisha kizibo. Kesho yake ulikuwa laini zaidi na una harufu nyingi zaidi. Hadi leo hicho ndicho kipimo changu: mvinyo uliochoka baada ya usiku mmoja siuweki.

Kosa langu lilikuwa kabati la jikoni. Mwaka uliofuata nilikuta kizibo cha chupa ya pili kimesukumwa juu, na mvinyo una ladha ya matunda yaliyochemshwa. Joto la jiko lilikuwa likipanda na kushuka kila siku. Iliniuma sana.

Nne zilizobaki nilizihamishia chumba chenye giza, sakafuni chini ya kabati, nikazilaza ili vizibo visikauke, na kipimajoto kando. Wanaojua wanapendekeza nyuzi 12 hadi 14. Mimi nilipata 17, ila hazikuyumba, na nimeridhika kwamba utulivu huo ndio uliozilinda.

Ya tatu, mwaka 2020, ilikuwa bado imejifunga, harufu na ladha hazijajitokeza. Ya nne ilianza kufunguka. Ya tano, mwaka 2022, ndiyo niliyoingojea: zeituni nyeusi, moshi kidogo, ngozi, pilipili bado ipo kwa mbali, na ukakasi umekuwa kama mahameli. Niliisimamisha tangu jana yake mashapo yatulie, nikamimina polepole nikaacha vidole viwili chini. Ya sita nilichelewa nayo hadi 2024. Tunda lilikuwa limeanza kufifia.

Sasa nina kumi na mbili za Saint-Joseph, syrah nyingine ya bonde hilohilo, zimelala palepale. Kwenye shingo ya kila moja nimefunga karatasi yenye mwaka wa kuifungua.