Mfano wa Phoenix: wikendi ya Knoebels na Waldameer

Mfano wangu wa Phoenix, rolakosta ya mbao (treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima), umefika mahali ambapo picha hazinisaidii tena. Fremu za mlima wa kwanza zimesimama, na reli ya kwenda imelazwa hadi kona ya mbali. Iliyobaki ni sehemu ya kurudi, pale treni inapopanda mara mbili mfululizo kisha kushuka mara mbili mfululizo. Kwenye kila picha niliyonayo sehemu hiyo imejificha nyuma ya msitu wa nguzo. Basi Ijumaa jioni mimi na shemeji tukaondoka Philadelphia kwenda kukutana na wapenzi wenzetu wa rolakosta. Jumamosi ilikuwa ya Knoebels, bustani ya burudani iliyo na Phoenix, Jumapili ya Waldameer, bustani nyingine ya burudani.

Kwa wanaoanza kufuatilia mradi huu: naijenga kwa vijiti vya mbao, kipimo cha 1 kwa 100. Phoenix yenyewe ina urefu wa mita 24 kwenda juu, kwa hiyo mlima wangu ni sentimita 24. Njia yake ni kama mita 975, nami nahitaji karibu mita kumi za reli iliyokunjwa juu ya meza moja.

Knoebels iko Elysburg, bondeni kati ya miti, na imekuwa mikononi mwa familia moja tangu 1926. Kuingia ni bure na kuegesha gari ni bure. Unanunua kitabu cha tiketi, unalipia unachopanda, na bibi anayetaka tu kukaa kwenye benchi akiangalia wajukuu hadaiwi hata senti. Naipenda sana bustani hii kwa hilo.

Phoenix ilizaliwa mbali na hapo. Herbert Schmeck wa Philadelphia Toboggan Company, kampuni ya kujenga rolakosta, aliichora, ikajengwa 1947 Playland Park, San Antonio, Texas, kwa jina la Rocket. Bustani hiyo ilifungwa 1980, na rolakosta ikabaki imesimama bila kazi. Mwaka 1985 watu wa Knoebels waliifumua, wakazipa mbao namba, wakazisafirisha hadi Pennsylvania, na Juni mwaka huohuo ikawa inabeba abiria. Kila ninapokata kijiti na kukiandika namba kwa penseli, nawafikiria mafundi wale.

Jumamosi asubuhi sikupanda kwanza. Nilisimama kwenye uzio na daftari, nikisubiri treni ipite. Inapoingia bondeni, nguzo zinayumba kidogo, waziwazi kabisa, halafu zinarudi mahali pake. Shemeji alinishika mkono: "Shem, mbona hii kitu inacheza?" Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, mbao hupokea nguvu kwa kupinda kidogo. Rolakosta ya mbao iliyokazwa isicheze kabisa ingejivunja yenyewe. Reli nayo ni tabaka za mbao zilizopigiliwa moja juu ya nyingine, na juu kabisa ukanda mwembamba wa chuma ambao magurudumu hukanyaga. Kuna sehemu mbao ni mpya, bado zina rangi yake, zimeunganishwa na zile zilizopauka. Hiyo ndiyo kazi ya maseremala wa bustani, mwaka hadi mwaka, na ndiyo inayofanya kitu cha 1947 kipandwe na watu leo.

Sehemu iliyokuwa inanisumbua nimeichora yote. Kumbe siri iko kwenye vile vituo vifupi katikati ya mipando: reli inalala kwa muda mdogo tu kabla ya kupinda tena, na hapo ndipo mwili unapoachana na kiti. Chuma cha mapajani ni kimoja kwa watu wawili na kinafunga mahali pamoja tu, kinaacha nafasi ya kuinuka. Kinachoizuia treni isiinuke pamoja nanyi ni magurudumu yanayoshika reli kwa chini, ubunifu ambao John Miller, mchoraji wa rolakosta, aliupatia hataza 1919. Mwendo wa Phoenix ni kilomita 72 tu kwa saa. Kuna mashine za chuma zenye mwendo mara mbili ya huo ambazo hazijawahi kuniinua hivi, na usiku, ukianzia kwenye lile handaki lenye giza kabla ya mnyororo unaoivuta treni juu, ni bora zaidi.

Jumapili tulifika Erie tumechoka. Waldameer nako kuingia ni bure. Wengi walikimbilia Ravine Flyer II ya 2008, nayo inastahili: inaruka barabara kwa daraja, kama ilivyofanya ile ya kwanza iliyodumu kuanzia 1922 hadi 1938. Mimi nilitumia muda mwingi kwenye Comet ya 1951, rolakosta ndogo ambayo watoto huanzia, kwa sababu nayo ni ya Schmeck. Nilitaka kuona alivyogawa vilima akiwa na nafasi ndogo. Kila kilima ni kifupi kidogo kuliko kilichotangulia, kwa hiyo treni haipotezi uhai hadi mwisho. Shemeji aliipenda kuliko zote.

Kazi ya wiki hii: viungo vya fremu za sehemu ya kurudi sitavitia gundi. Natumia pini nyembamba, nguzo zipate kuyumba kigari kinapopita. Reli nitaijenga tabaka nne za vijiti, na juu nibandike ukanda wa shaba. Nikimaliza mipando miwili, nitajaribu kigari kabla ya kugusa vilima vya mwisho.