Talanta: kilo 26 za fedha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwingereza akisema mtu ana "talent", anamaanisha kipaji: sauti ya kuimba, mguu wa mpira. Maana hiyo imetoka Mathayo 25, mfano wa bwana aliyesafiri akawakabidhi watumwa wake watatu mali yake: talanta tano, mbili na moja; yule wa moja akaifukia ardhini. Wakristo wa Ulaya waliusoma mfano wa talanta kuwa habari ya karama tulizokabidhiwa na Mungu, na tangu karne ya 15 Waingereza wakaliita kipaji kwa jina hilo. Kiswahili chetu nacho kimefuata.

Waliomsikiliza Yesu, hata hivyo, walisikia uzito. Kwa Kigiriki, talanton ni mizani, kisha kile kinachopimwa. Mzizi wake ni kubeba. Kipimo cha Athene kilikuwa kama kilo 26. Cha Kiebrania kilizidi hapo: shekeli 3,000 (shekeli ni kipimo kidogo cha uzito), na Kutoka 38:25-26 inatuonyesha hesabu yenyewe. Watu 603,550, kila mmoja nusu shekeli, ni shekeli 301,775, nayo Biblia inaandika talanta 100 na shekeli 1,775. Toa hizo 1,775, gawa kwa 100, unapata 3,000.

Kwa thamani, talanta ni dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Afanye kazi siku sita kila wiki, atachukua miaka 19 na ushee kuipata, asipokula hata senti. Basi mtumwa wa talanta moja hakupewa kidogo!

Sasa someni mstari wa 15 polepole: kila mtu alipewa "kwa kadiri ya uwezo wake". Uwezo walikuwa nao tayari kabla ya kukabidhiwa chochote. Tukisema talanta ndiyo kipaji, mstari unageuka kuwa "aliwapa vipaji kwa kadiri ya vipaji vyao". Haukai. Talanta ni mali ya bwana: Injili, sadaka iliyo mikononi mwa mhazini, mgonjwa wa jirani. Tunaumia kuona ndugu asiyeimba wala kuhubiri amekaa benchi la nyuma miaka yote, akiamini hakupewa kitu.

Na lile shimo alilochimba mtumwa wa talanta moja. Fedha ni nzito lakini haichukui nafasi. Kilo 26 haziijazi hata ndoo ya lita tano. Jembe kidogo tu, kazi imekwisha. Siku ya hesabu haikupungua hata sarafu moja, na bwana hakumshtaki kwa wizi. Alimwambia ilimpasa kuiweka walau kwa watoao riba.