Halitapasuka

Dodoma, Jumapili jioni, Septemba

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilisikia "tak!" kutoka sebuleni. Mlio mmoja tu, mkavu, kama mtu kavunja kijiti cha kuwashia moto. Nikajua ni bati linapoa, nikageukia ukutani nikalala. Asubuhi mama watoto ndiye aliyeliona: gitaa langu nililolinunua Dar es Salaam mwaka 2008 kwa pesa ya malimbikizo limepasuka ubao wa mbele, kuanzia kwenye daraja la nyuzi mpaka chini kabisa. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele, ila ukipitisha ukucha unanasa.

"Si ulisema hili ni mbao halisi?" akaniuliza.

Ndiyo, na ndiyo maana limepasuka.

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Kule Tabata lilining'inia ukutani miaka tisa na adui yake alikuwa kutu tu, nyuzi mpya hazimalizi wiki mbili kabla hazijabadilika rangi. Wizara zilipohamia huku nasi tukahama, 2017, na kwenye nyumba za kupanga gitaa lilikaa ndani ya boksi lake. Mwaka jana tumehamia kwetu, sebule ina ukuta mzuri mweupe, nikapigilia msumari. Mkabala na dirisha! Nilitaka wageni walione.

Sasa Dodoma unaijua. Mvua zikishakata mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano, hatuoni tone mpaka Novemba inaisha, wakati mwingine hadi Desemba. Hapo katikati kuna upepo wa Agosti na vumbi lake jekundu. Visigino vinapasuka, midomo inapasuka, mlango uliokuwa unagoma kufunga mwezi wa pili sasa unacheza kwenye fremu. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, na ikiutoa husinyaa kwa upana. Ubao wa mbele wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, una unene wa milimita tatu hivi, umegundishwa ukingo mzima, halafu nyuzi sita za chuma zinauvuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushee usiku na mchana. Ukitaka kusinyaa hauna pa kwenda. Na lilinionya: tangu Julai ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zilikuwa zinanikwaruza kiganja nikishuka shingoni. Ubao wa shingo ulikuwa umeshasinyaa, vyuma vikabaki vimechungulia nje. Nikasema nitapiga msasa siku moja.

Jana nimenunua kile kisaa cha kupima unyevu. Kimesoma asilimia 26. Wanaotengeneza magitaa wanataka 45 hadi 55. Sasa yote yamerudi kwenye maboksi, kila moja na kopo la sabuni lililotobolewa matundu, ndani sifongo niliyoilowesha na kuikamua. Mama watoto anapita anatikisa kichwa. "Magitaa yananyweshwa maji kama mbuzi."

Yako manne ninayoyaita ya kwangu. La umeme la tangu enzi za bendi ya chuo, la nyuzi 12 ambalo nilinunua kwa tamaa na silipigi, besi moja ya mtu aliyehama nchi akaniachia "kwa muda", na hili lililopasuka. Sitaki kuyasema zaidi. Mtu ana namna yake ya kupoteza pesa.

La tano si la kwangu, ni la marehemu baba, na lenyewe makazi yake ni juu ya kabati, halina boksi, halina sifongo, halina ufa hata mmoja.

Ni galatoni. Vijana mnaosoma hapa huenda neno hilo hamlijui. Wazee wa zamani gitaa kavu lolote waliliita galatoni, kutokana na magitaa ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini. Baba alikuwa reli, wakati huo ingali ya Afrika Mashariki, akalinunua mwaka 1971 kwa Mnyakyusa mmoja aliyekuwa amewahi kwenda machimboni kwa Makaburu. Ukichungulia kwenye tundu utaiona lebo, imefifia, lakini maneno ya Kiingereza bado yanasomeka: tunakuhakikishia halitapasuka. Nilipokuwa mdogo baba alinisomea lebo hiyo kama mtu anayesoma Zaburi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba John Lennon wa bendi ya Beatles ya Uingereza naye alianza na gitaa la namna hiyohiyo, Gallotone Champion, na ndilo alilokuwa nalo siku alipokutana na Paul McCartney, tarehe 6 Julai 1957. Baba angeambiwa hayo angeuliza Lennon alipigia bendi gani, Morogoro au Tabora.

Halipasuki kwa sababu ni plaiwudi. Tabaka zake zimepishana, hii inavuta huku ile inazuia, kwa hiyo ukame hauna pa kushikia. Sauti yake, niwe mkweli, ni ya boksi la viatu. Lakini baba alilipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akaunguruma na Mbaraka Mwinshehe, na akimaliza huyo anahamia kwa Patrick Balisidya wa Afro 70, ambaye kwake alikuwa "mtoto wetu wa Mvumi", kana kwamba alimlea.

Nyuzi za dukani zilikuwa adimu. Uzi wa kwanza ukikatika, baba alichambua waya wa breki ya baiskeli, anatoa unyuzi mmoja, anaukaza. Unalia vizuri tu. Ila chuma kile ni kigumu kuliko freti, na kila alipobonyeza kilikuwa kinazila. Ndiyo maana freti tatu za kwanza, chini ya nyuzi mbili nyembamba, zina mitaro. Nikiweka vidole pale vinadumbukia penyewe mahali alipokuwa anashika kodi zake, ile mishiko ya nyuzi kadhaa kwa pamoja. Kwa miaka kumi na tano hivi hiyo ndiyo imekuwa namna yangu ya kumsalimia. Silipigi. Nalishusha, nashika palepale, nalirudisha.

Baba alipofariki hakuacha neno kuhusu gitaa. Kwenye kikao cha kumaliza matanga kiligawanywa kiwanja, ikagawanywa baiskeli, yakagawanywa hata makoti. Gitaa likasahaulika mpaka shangazi aliposema, "Na hilo la kelele mpeni huyu, atalihangaikia." Ndivyo nilivyorithi.

Sasa binti yangu, yuko kidato cha tatu, tangu likizo ya mwezi wa sita anataka kujifunza. Nimemtolea lile la 2008 (kabla halijapasuka), hakulitaka. Nimemtolea la umeme. Anataka la babu. Siku nne tu akarudi na malalamiko: "Baba, linaumiza vidole, halafu hapa linazomea." Nikasikiliza. Kweli linazomea, uzi ukishaingia kwenye mtaro unagusa freti ya mbele yake. Nikamwambia ajizoeshe. Akaniangalia tu.

Nikalipeleka kwa fundi, karibu na soko la Majengo. Akalipakata, akalitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani, akacheka.

"Mzee, hapa si freti tena. Hapa unapanda viazi."

Akasema zitoke zote, ziingie mpya. Na kile kidaraja cha kichwani nacho kimekatika, atanichongea cha mpingo, ana vipande alivyoomba kwa wachonga vinyago. Nikamuuliza kama anaweza kubadilisha zote isipokuwa hizo tatu. Akadhani namtania. Freti hutembea pamoja, akaniambia. Ukiacha tatu fupi na nyingine ndefu, hakuna kitakacholia. Nikamwambia ngoja nifikirie, nikaondoka na gitaa langu kwenye bodaboda, nimelikumbatia.

Wiki mbili nililiacha palepale juu ya kabati. Kilichonitoa pale ni babu. Babu mzaa baba alikuwa na zeze, kibuyu chake na ngozi ya kenge, na kiangazi kama hiki ngozi ilikuwa inakazana mpaka inatatuka. Alikuwa hasemi kitu. Anatafuta ngozi nyingine, anaiwamba. Upinde ukivunjika anakata mwingine. Mwaka mmoja kibuyu chenyewe kilipasuka, akakitupa kwa kuku, akaweka kingine alicholima mwenyewe. Na kijiji kizima, siku ya ngoma, kilisema zeze la mzee fulani limeanza kulia, twendeni. Hakuna aliyewahi kuuliza ni lipi.

Basi Jumatano nimelirudisha kwa fundi, jana nimelichukua. Freti zinameta kama meno ya bandia. Nilipofika nilikuwa nimepanga kumwomba zile za zamani, kisha nikaona ameshafagia, karakana safi, nikalipa.

Nimeshika pale baba alipokuwa anashika. Hapana kitu. Ni chuma laini tu, kama gitaa la mtu yeyote.

Leo baada ya ibada binti kalipiga mchana kutwa. Sio Mbaraka, ni bongo fleva, kodi nne zinazunguka kama trela inayotafuta maegesho, na anatumia vidole vyote vitano vya mkono wa kulia, fujo tupu. Lakini halizomei. Mama yake ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kidogo kwenye mlango kabla hajarudi kwenye ugali wake.

Sasa hivi binti ametumwa dukani. Gitaa kaliacha kwenye kochi, chini ya dirisha lililo wazi, jua la saa kumi linalipiga tumboni. Nimeinuka kwenda kulitoa. Nimefika nusu ya sebule, nikaiona ile lebo ndani ya tundu, nikarudi kukaa.