Majira ya Baridi Tulipokata Mipopla

Baba mkwe wangu alikuwa na ekari 30 kusini magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye vilima na mabonde ambayo barafu ya zama za kale haikuyasawazisha. Kwa kulungu wa mkia mweupe, ekari 30 ni pa kupitia tu. Jike huzunguka eneo kubwa kuliko hilo mara kadhaa, na dume akishapandwa na ashiki mwezi Novemba hajui mpaka wa mtu. Basi walipita usiku, wakaacha nyayo na mavi, na kulipokucha walikuwa wamelala kwa jirani. Mzee alikaa kwenye dungu lake siku zote tisa za msimu wa kuwinda kwa bunduki akitazama miti.

Wako waliomshauri amwage mahindi ili kuwavuta. Hakutaka hata kulisikia jambo hilo, na mimi niko upande wake mpaka leo. Ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu uligunduliwa jimboni humo mwaka 2002, na katika kaunti nyingi kuwamwagia chakula ni marufuku. Sababu ni ya msingi kabisa: wanyama wengi wakila kwenye rundo moja huachiana mate, na ile protini mbovu inayoleta ugonjwa hukaa udongoni kwa miaka. Hakuna dawa wala chanjo. Anayewapenda kulungu hawakusanyi hivyo.

Mwishoni mwa Februari aliniita tukaingia msituni, theluji ikitufika magotini. Akasimama katikati ya mipopla yake, miti mirefu iliyonyooka, mizee kwa umri wa mipopla.

"Ungekuwa kulungu, mwanangu, ungejificha wapi hapa?"

Niligeuka huku na huku. Niliuona uzio wa upande wa pili bila kizuizi. Majani yote yalikuwa yakiota juu kabisa, jua halifiki chini, na chini hapakuwa na kichaka hata cha kumficha sungura. Chakula nacho kilikuwa huko huko juu, ilhali kulungu hukata vijiti visivyozidi kimo cha mtu.

Tukaanza kukata. Mpopla hukatwa wakati wa baridi kwa sababu akiba yake yote iko mizizini. Shina likiondoka, mizizi husukuma machipukizi kwa maelfu mara tu ardhi inapopata joto. Mialoni hatukuigusa. Tuliondoa tu miti iliyoisonga ili matawi yake yapate nafasi, hasa mialoni myeupe, maana njugu zake hazina uchungu mwingi na hukomaa mwaka ule ule zilipochanua. Ile myekundu huchukua misimu miwili, na kulungu huziendea njugu zake baada ya zile tamu kwisha.

Kazi ilikuwa ya hatari na Mzee hakukubali haraka yoyote. Mti mmoja uliangukia matawi ya mwaloni ukaning'inia. Alizima msumeno, akaniamuru nirudi nyuma, na hakuna aliyepita chini yake mpaka tulipoufunga mnyororo tukauvuta kutoka mbali kwa trekta. Mti ulioning'inia umeua wakataji wengi wenye uzoefu.

Kilichonifurahisha sikukitegemea mapema hivyo. Asubuhi ya pili tulikuta theluji imekanyagwa pande zote za miti iliyolala. Kulungu walikuwa wamekuja usiku kula ncha za matawi ambazo siku moja kabla zilikuwa juu sana kwao. Nilizishika zile ncha: zilikuwa zimechanika, hazikukatwa safi, kwa kuwa kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, hubana na kuvuta.

Mwezi Machi, udongo ukiganda usiku na kuyeyuka mchana, tulirusha mbegu za klova, mmea mfupi wa malisho, kwenye njia ya zamani ya kutolea magogo. Nyufa za baridi huzimeza zenyewe.

Agizo lililofuata ndilo nililoliona zito kuliko msumeno. Nusu ya shamba, ile yenye visiki, ilifungwa kwa kila mtu. Hakuna kutembea, hakuna mbwa, hakuna kwenda kuchungulia. Wajukuu walinung'unika, na Mzee hakulegeza. Dungu lenyewe tulilihamisha ili upepo wa kaskazini magharibi, unaovuma sana Novemba, upeleke harufu yetu barabarani badala ya machipukizini. Naamini hapo ndipo wenye mashamba madogo wanapokwama: wanapanda vizuri, kisha wanaingia kila wiki kutazama walichopanda. Kulungu anavumilia njaa kuliko anavyovumilia harufu ya mtu mahali anapolala.

Msimu wa pili baada ya kukata, machipukizi yalikuwa yamenipita kimo, yamesongamana kama mtama. Mzee aliniachia dungu. Jua lilikuwa limekwisha panda, saa ambayo zamani pasingekuwa na kitu, jike alipotoka mle akashuka kwenye klova bila wasiwasi. Nilimpiga risasi moja nyuma ya bega.

Tulipompasua, Mzee alifungua tumbo la kwanza kwa kisu na kunionyesha: majani ya klova, vipande vya njugu za mwaloni, na ncha nyingi za mpopla. Kisha akafungua kinywa. Jino la tatu la taya la chini lilikuwa na vilele viwili, si vitatu kama la utotoni, kwa hiyo alikuwa amekwisha komaa. Kichwa tukakipeleka kupimwa, nyama tukaigandisha bila kuionja. Majibu yalipokuja kwamba hana ugonjwa, tuligawana na jirani, na Februari iliyofuata tukarudi kukata kipande kingine.